Ukuta wa Namba Nne na Namba Tano

Wapangaji walimwita Mama Korido, na walimwita hivyo pale tu alipokuwa hasikii. Jina lilitokana na kiti chake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, na katikati korido moja ndefu. Mwanzoni mwa korido hiyo, mbele ya chumba chake mwenyewe, alikuwa ameweka kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa cha maua. Hapo ndipo alipochambua mboga, alipopachika vifungo, na alipomwona kila aliyeingia na kila aliyetoka. Mwenyewe hakujiona mbea hata kidogo. Alikuwa mwenye nyumba, na kazi ya mwenye nyumba, kwa maoni yake, ilikuwa kuona.

Nyumba hakuirithi. Kwa miaka mingi alikaa mbele ya cherehani kiwandani akishona mifuko ya mashati, mifuko tu, si kola wala mikono, huku marehemu mume wake akiendesha lori la mizigo. Kila walipopata chochote walinunua matofali. Walihamia kwenye chumba cha kwanza kikiwa hakina dari na cha pili kikiwa bado msingi, na yeye mwenyewe alibeba kwa ndoo maji ya kukorogea zege, akiwa na mimba ya binti yao wa pekee. Mume alipofariki na kiwanda kikafungwa, nyumba ikabaki kuwa ndiyo mume na ndiyo kiwanda.

Wapangaji walimfunza mengi ambayo hakuomba kufunzwa. Mmoja alifuga kuku bafuni. Mwingine alipaka chumba chote rangi nyeusi, na dari pia, akasema inamsaidia kufikiri. Lakini waliomuumiza kuliko wote walikuwa kijana wa namba mbili na msichana wa namba sita, ambao walikutana humohumo koridoni, wakaoana, wakahamia chumba kimoja, halafu wakaanza kugombana. Mke alivunja vioo vya madirisha kwa sufuria, kimoja baada ya kingine. Mume, alipoondoka, aliondoka na mlango. Aliung'oa pamoja na fremu yake, akaupakia kwenye mkokoteni mchana kweupe, wakati Mama Korido amekwenda kliniki. Tangu siku hiyo kukawa na sharti ambalo kila mpangaji mpya aliambiwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: humu ndani watu hawaoani. Anayetaka mchumba akatafute mtaa mwingine.

Binti yake, ambaye sasa alikuwa mhasibu katika mji wa mbali, hakucheka aliposikia habari hizo. Mvua za mwaka uliopita mama yake alikuwa amepanda ngazi kupigilia bati lililolegea, akateleza, akakaa na bandeji mkononi hadi wapangaji wakaanza kumfulia. Binti akaona imetosha. Alimpata dalali wa kuisimamia nyumba yote, na nyumbani kwake alikuwa na chumba cha wageni kwa ajili ya mama, chenye dirisha linalotazama bustani. Mama mtu alikataa, binti akashikilia, wakavutana kwenye simu hadi wakafikia mapatano shingo upande. Binti angekuja Jumamosi na huyo dalali. Akiikuta nyumba imetulia, hangelisema tena jambo hilo. Akikuta balaa jingine, funguo zote zingekwenda kwa dalali, na mama angefunga begi.

Mama Korido alilifikiria lile dirisha la bustani. Angekaa pale afanye nini? Atazame nyasi?

Jumatatu asubuhi ya wiki hiyohiyo alimwona fundi viatu wa namba nne akiingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa ndani. Alikuwa kijana mpole, mrefu kupita kiasi, aliyenuka gundi na ngozi. Mama Korido akakumbuka kwamba alitaka kumwomba aache kuanika soli dirishani angalau hadi Jumamosi ipite. Akainuka, akaenda, akagonga namba nne. Kimya. Akagonga tena. Ndipo ulipofunguka mlango wa namba tano, chumba cha mwalimu wa chekechea, na akatoka fundi viatu, taulo begani, ndoo mkononi, mswaki mdomoni.

Walitazamana.

"Umetokea wapi?" Mama Korido akauliza.

Kijana akautoa mswaki. "Nimetokea ndani, mama."

"Ndani kwa nani?"

Kabla hajajibu, sauti ya mwalimu ikaita kutoka namba tano, tamu na isiyo na hili wala lile: "Mume wangu, sabuni umeisahau."

Baadaye Mama Korido alisema kwamba kilichomfika kwanza ni lile neno mume, na habari ya ukuta ikaja ya pili. Lakini ilikuja. Aliingia namba tano bila kuombwa, akalivuta pazia lililoning'inia mahali pasipo dirisha, na nyuma yake akakiona chumba namba nne chote, kitanda, viatu na gundi, kana kwamba kimeletwa kwenye sinia. Ukutani palikuwa na uwazi wa kumpitisha mtu akiinama kidogo. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, zimechongwa kwa patasi na mkono wenye subira. Kutoka pembe ya juu, ufa ulipanda hadi darini kama mzizi. Aliingiza kidole humo. Ncha ya kidole ikapotea. Na huo ndio ukuta uliobeba mbao za paa upande ule wa nyumba.

Akakaa kitandani kwa mwalimu.

Basi wakamweleza, wakipokezana. Walikuwa wameoana mwaka uliopita, nyumbani kwa wazazi wa mwalimu, mbele ya watu wachache. Kila mmoja aliondoka siku yake na sababu yake, mwalimu semina, fundi viatu msiba wa shangazi.

"Rambirambi nilikupa," Mama Korido alisema taratibu.

"Shangazi alifariki kweli, mama," fundi viatu alijitetea. "Ila alifariki mwaka wa nyuma yake."

Mwalimu aliinamisha uso akauma mdomo, na Mama Korido angeweza kuapa kwamba anachokizuia si machozi. Damu ikamchemka zaidi. Aliwauliza kama wana akili timamu. Paa lingewaangukia usingizini, wakafa wao, akafungwa yeye. Kama walitaka kuwa pamoja, kwa nini wasihame kama watu wengine, au angalau wapite mlangoni kama watu wengine?

"Kuhama tulitafuta, tukakosa," mwalimu alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile anayowasemesha watoto wa chekechea, "Na mlangoni tungepitaje, mama? Korido yote ni wewe."

Mama Korido akasimama. Aliwapa hadi Ijumaa jioni wawe wameondoka, na akaenda kumtafuta fundi mwashi.

Fundi mwashi huyo alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, ndiye aliyeijenga nyumba tangu msingi, na kwa hiyo alimwita mwenye nyumba shemeji. Alifika mchana uleule na nguzo za miti begani. Kabla ya neno lolote alizisimamisha pande zote mbili za uwazi, akazikaza kwa kabari chini ya mbao za paa hadi zikalia, na hapo tu ndipo alipopiga mluzi wa kushangaa. Akauliza kama kuna matofali, maana ya zamani yalikuwa na unene ambao siku hizi haupatikani madukani.

Fundi viatu akapiga magoti, akaanza kuvuta vitu kutoka chini ya kitanda. Yalikuwa matofali, kila moja limefungwa gazeti kama zawadi. Yalikuwa yamepanguswa saruji yote, na kila moja lina namba iliyoandikwa kwa chaki, safu ya juu kwa bluu, inayofuata kwa nyekundu, na kuendelea hivyo hadi chini. Mwandiko ulikuwa ule wa duara wa kufundishia watoto. Chini ya sita na tisa kulikuwa na kistari, ili lisije likawekwa juu chini.

"Nimejenga tangu ujana," fundi mwashi alisema, "sijaona tofali lenye namba kama jezi."

Mwalimu alieleza, safari hii macho yakiwa chini kwelikweli, kwamba nia yao ilikuwa siku wakihama warudishe kila tofali mahali pake. Wakiondoka mama asione hata tofauti.

Fundi mwashi alilipima tofali moja kiganjani, akatikisa kichwa. "Haya ni mazima. Ila ukuta umeshatikisika, hautayapokea kama mwanzo. Naweza kuziba, na nitaziba vizuri. Au niweke linta la zege hapo juu, pawe mlango, na paa litakaa salama vilevile. Kazi ni ileile, shemeji. Unataka ukuta au unataka mlango?"

Mama Korido alisema anataka ukuta. Halafu akasema angoje kwanza.

Siku mbili hakumjibu. Alirudi kwenye kiti chake akashika tama, na kwa mara ya kwanza akajitazama akitazama. Alimwona mwanafunzi wa namba sita akirudi na mkoba. Kijana alipofika karibu na kiti alipunguza mwendo, akabana ukutani, akasalimu akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaharakisha, mfano wa mtoto anayepita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mama Korido siku zote aliiita hiyo adabu. Akamwangalia anayefuata, na mwingine. Wote walipita hivyohivyo. Hakukuwa na mtu aliyesimama kumwambia jambo. Hata kicheko, kama kilikuwa kikija kutoka uani, kilikatikia mlangoni pa korido.

Akamkumbuka yule aliyeondoka na mlango, na akawaza kwamba kwa ajili ya mtu mmoja aliwawekea sharti watu wote waliokuja baada yake. Hawa wa sasa walikuwa wameubomoa ukuta wake, hilo halikuwa na ubishi. Lakini waliulaza chini ya kitanda chao wenyewe, umefungwa gazeti, wakautunza kama mali ya mtu. Hakujua amweke wapi mpangaji wa namna hiyo. Walikuwa waharibifu, na walikuwa waaminifu, na alishindwa kuwachukia kwa moyo mmoja. Aliwaza pia, bila kupenda, juu ya chumba kile cha kwanza kisicho na dari, na jinsi yeye na mumewe walivyokuwa wakicheka humo usiku kwa sauti ya chini ili fundi aliyelala nje na vifaa vyake asiwasikie.

Alhamisi alasiri alikwenda namba tano. Mwalimu alikuwa anabandua picha za herufi ukutani, fundi viatu anafunga viatu vya wateja kwenye gunia. Walikuwa bado hawajapata pa kwenda. Hilo lilionekana kwa jinsi walivyofunga mizigo polepole.

"Fungueni," akasema.

Hawakuelewa. Ikabidi akae, aanze upya. Alisema fundi ataweka linta. Alisema fundi viatu atamsaidia kubeba kokoto na kukoroga zege, kwa kuwa mikono ya kutoboa ilikuwepo, basi na ya kujenga ipo. Alisema wakitaka tena kupigilia hata msumari wa kalenda, waje kwanza kwake, na yeye atajitahidi kuwa mtu anayeweza kuombwa. Hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, akajikaza kisabuni.

"Na ile rambirambi," akamaliza, "muihesabu kuwa zawadi ya harusi."

Mwalimu alicheka, halafu akalia, na mumewe, kwa kukosa la kufanya, akaanza kurudisha herufi ukutani bila mpangilio.

Binti alifika Jumamosi mapema kuliko alivyosema. Koridoni alikutana na rundo la mchanga. Ndani ya namba nne palikuwa na msitu wa nguzo, na juu ya uwazi boksi la mbao lililojaa zege bichi, limefunikwa magunia yanayotiririka maji. Mama yake alikuwa katikati ya yote, kanga imefungwa kiunoni, saruji hadi kwenye nyusi. Nyuma ya binti alisimama dalali, kijana wa viatu vinavyong'aa, ambaye tayari alikuwa anahesabu milango kwa macho.

"Mama," binti akasema, "hii ndiyo nyumba iliyotulia?"

Mama Korido alikuwa amepata nafasi ya kuufunga mlango wa namba nne alipoisikia sauti yake nje. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Kwa nini hakufunga, mwenyewe hakujua. Labda alichoka na milango iliyofungwa. Akamweleza binti yake yote, ndoa, patasi, matofali, hakumficha kitu. Dalali alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole wa kikazi kwamba watu wa aina hiyo hawabishaniwi, vitu vyao hutolewa nje asubuhi na kufuli hubadilishwa.

"Umesikia?" binti akamuuliza mama yake. "Yeye angewafukuza siku ileile."

"Hata mimi niliwafukuza siku ileile. Kisha nikafikiri." Akajipangusa uso, saruji ikazidi kusambaa. "Mwanangu, ulisema nikishindwa nikabidhi. Tatizo nimelipata Jumatatu, na dawa yake ile pale juu ya nguzo. Sijashindwa."

"Na likianguka?"

"Likianguka nitakuja kwako na begi langu, na hutanisikia nikilalamika."

Binti aliutazama ufa, akaitazama mikono ya mama yake, akamtazama fundi viatu aliyekuwa amebanana pembeni na koleo akijaribu kuwa mfupi. Mwishowe alisema sawa, wangoje zege likomae, nguzo zitoke, ndipo waamue. Ila ngazi, mama asiikanyage tena. Hilo halina mjadala. Dalali aliacha kadi yake juu ya kiti cha koridoni, akaaga. Binti alikunja mikono ya blauzi, akauliza maji ya kumwagilia yanachotwa wapi.

Zege bichi linataka maji asubuhi na jioni, hivyo kwa wiki kadhaa namba nne haikukosa mtu. Kwa kuwa mwenye nyumba alikatazwa kupanda, ilitegemewa kwamba fundi viatu, kwa urefu wake, ndiye atakayemwagilia. Ikagundulika kwamba akipanda hata stuli anapata kizunguzungu. Akapanda mwalimu, mume akashika stuli, na Mama Korido akasimama chini akitoa amri: kushoto kidogo, umeacha pembe, hapo. Mwanafunzi wa namba sita alikuja kuchungulia, akabaki kuongea. Siku moja alisimama mbele ya kile kiti, bila kubana ukutani, akamwambia Mama Korido kwamba bomba la chumbani kwake linavuja tangu zamani, ila alikuwa anaogopa kusema. Mama Korido alimeza neno kali lililomfika kooni, akamshukuru, akaenda kuliona. Sakafu ya pale ilikuwa imeanza kumomonyoka. Hilo nalo lingetaka fundi, na hakujua bado atalifanyaje.

Kila jioni binti alipiga simu. Mwanzoni aliuliza habari za mama, baadaye akawa anaanza na za linta.

Siku ya kutoa nguzo fundi mwashi alifika na nyundo yake kubwa. Aligongagonga zege, akaweka sikio kama daktari, akaridhika au alijifanya ameridhika. Mwalimu na mumewe walisimama upande wa namba tano wameshikana mikono waziwazi. Mama Korido alisimama upande wa namba nne na simu sikioni, maana binti alikuwa ameomba asikate.

Kabari ya kwanza ilitoka, nguzo ikalegea, ikaondolewa. Ya pili. Mbao za paa zililia kidogo, mlio mfupi, na Mama Korido akaegemea ukuta wa upande mwingine. Lile dirisha la bustani lilimpita machoni. Fundi mwashi aliinua mkono, wote wakangoja. Akaitoa ya tatu, akaitoa ya mwisho, akarudi nyuma.

Hakuna kilichoanguka, hata vumbi.

"Mama?" binti aliita kwenye simu. "Mama, mbona kimya? Niambie basi."

"Kimya ndiyo habari yenyewe, mwanangu."

Upande wa pili wa simu palikuwa na pumzi ndefu, kisha kicheko chembamba cha mtu aliyekuwa akijiandaa kwa jambo jingine. Binti akasema atampigia dalali sasa hivi amwambie hahitajiki tena, kabla mwenyewe hajabadili mawazo. Akasema ana likizo karibuni na angependa kuja kulala siku chache, kama kuna nafasi.

Mama Korido alimjibu kwamba nafasi haikosekani, atalala chumbani kwake. Kisha akainamisha kichwa, japo mlango ulikuwa mrefu vya kutosha na hapakuwa na haja, akapita kutoka namba nne kwenda namba tano, ambako mwalimu na mumewe walikuwa wameshaanza kubishana kama hapo pawekwe pazia au mlango wa mbao, na wote wawili wakamgeukia wamuulize yeye.